Jumapili ya Mfungwa: Historia ya Picha Zilizopigwa kwa Kificho Nyuma ya Kuta za Gereza

Watu wa Issuna wana sababu yao ya kufuatilia habari za gerezani. Kata hii ya Wilaya ya Ikungi, kando ya barabara itokayo Manyoni kwenda Singida, ilikuwa sehemu ya jimbo la Singida Mashariki, ambalo Tundu Lissu, mzaliwa wa Mahambe papa hapa Ikungi, aliliwakilisha bungeni tangu 2010 hadi alipovuliwa ubunge mwaka 2019. Tarehe 9 Aprili 2025 alikamatwa Mbinga mkoani Ruvuma, na kesho yake akasomewa shtaka la uhaini katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Shtaka la uhaini halina dhamana. Siku ya kutajwa kesi, tarehe 24 mwezi huohuo, ilipangwa isikilizwe kwa njia ya mtandao: yeye abaki gerezani mbele ya kamera, hakimu na mawakili wamtazame kwenye skrini. Alikataa. Alitaka apelekwe mahakamani, asimame mbele ya watu.

Mwezi Mei alipofikishwa Kisutu, picha zake akiwa amezungukwa na askari magereza zilienea nchi nzima kwa dakika chache. Za mahakamani tuliziona. Za gereza la Ukonga, alikokuwa analala, anakula na kuamka, hatukuziona. Tofauti hiyo ina historia ndefu, na si ya Tanzania peke yake. Mwenye funguo za gereza huwa haogopi sana mfungwa wake aonekane kizimbani, wala hata akiwa na pingu; wakati mwingine hutaka aonekane hivyo, ili wengine watie akilini. Anachokificha kwa nguvu zote ni siku ya kawaida: foleni ya uji, ndoo ya choo, namna watu wanavyopangana kulala, Jumapili isiyo na kazi. Siku hiyo ya kawaida ndiyo iliyowafanya watu wachache wahatarishe maisha yao kuipiga picha.

Tuanzie jirani. Mababu wa eneo hili walilijua boma la Wajerumani la Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kusini ya Manyoni. Katika utawala ule wafungwa walitembezwa kwa mnyororo, shingo kwa shingo, wakibeba mizigo na kuchimba barabara. Picha za watu hao zipo nyingi. Wajerumani hawakuzificha, walizipiga mchana kweupe, wakazichapa kwenye kadi za posta na kuzituma kwao. Zipo za watu waliokamatwa wakati wa Vita vya Maji Maji, wamesimama mstari mmoja, mnyororo umepita shingo zote, wanatazama lenzi. Ukizikazia macho unagundua kwamba hazikuambii chochote kuhusu watu wale isipokuwa kwamba wameshindwa. Hujui walilala wapi, walikula nini, nani alimfunga mwenzake kidonda. Mpiga picha hakuulizwa hayo na yeye hakutaka kuyajua. Kila ninapoziona kwenye vitabu vyetu vya shule huwa najiuliza ni kwa nini tunaendelea kuzichapa bila hata sentensi moja ya kumweleza mwanafunzi nani alishika kamera na kwa kusudi gani.

Picha ya aina nyingine, ile inayoibwa, ilipata umaarufu Afrika mwaka 1954, Johannesburg. Gazeti la Drum lilikuwa na mwandishi hodari, Henry Nxumalo, ambaye wasomaji walimjua kwa jina la Bwana Drum. Alikwisha kuandika juu ya vibarua wa mashamba ya Bethal waliofanyiwa kazi kama watumwa. Safari hii alitaka kuandika juu ya gereza la The Fort, kilimani katikati ya jiji, ambako kila siku walimiminwa mamia ya Waafrika ambao kosa lao lilikuwa kutembea bila pasi. Sheria za pasi zilikuwa siasa tupu: zilimfanya Mwafrika awe mhalifu kwa kuwa mahali fulani saa fulani. Nxumalo akajitia makusudi katika kosa hilohilo, akakutwa usiku bila kibali, akahukumiwa siku tano. Alitoka na kisa cha vipigo, chakula kibovu na upekuzi wa aibu.

Wakubwa wa gazeti walijua kwamba maneno ya Mwafrika dhidi ya askari magereza mzungu yangekanushwa asubuhi na kusahauliwa jioni. Ilihitajika picha. Karibu na gereza kulikuwa na nyumba ya wauguzi ambayo paa lake lilitazama uani. Watu wa Drum walipanda juu wakijifanya wanampiga picha katibu wa ofisi yao, msichana wa kizungu, na nyuma yake kijana Bob Gosani, aliyekuwa na umri wa miaka 20 hivi, akaelekeza lenzi ndefu chini.

Alichokinasa ni ngoma ambayo wafungwa waliiita tauza. Mfungwa aliyerudi kutoka kazini alivuliwa nguo zote uani, mbele ya wenzake na walinzi. Aliruka juu akiwa uchi, akapiga makofi juu ya kichwa, akafungua kinywa, akageuka huku na huku, mwisho akainama akamwonyesha mlinzi makalio. Lengo lililotajwa ni kuhakikisha hakuficha tumbaku wala kisu mwilini. Lakini katika picha ya Gosani unaona kitu ambacho ripoti yoyote isingekisema: mfungwa yuko hewani, mikono imetanuka, na walinzi wamesimama kwa utulivu wa watu wanaoangalia jambo la kila siku. Wengine waliokwisha kuruka wanaokota nguo zao. Hakuna anayeshtuka. Ule utulivu wao ndio uliowashtua wasomaji toleo la Machi 1954 lilipotoka.

Serikali ya makaburu ilijibu kwa kutunga sheria. Sheria ya Magereza ya 1959 ilifanya iwe kosa kupiga picha gereza au mfungwa bila ruhusa, na kuchapisha habari za uongo kuhusu magereza, mzigo wa kuthibitisha ukweli ukiwa juu ya mwandishi. Mwaka 1965 Harold Strachan, aliyetoka kutumikia kifungo cha kisiasa, alisimulia hali ya magereza kwa Benjamin Pogrund wa gazeti la Rand Daily Mail. Strachan akarudishwa ndani, na gazeti likaburutwa mahakamani kwa miaka. Nxumalo hakuyaona hayo. Aliuawa kwa visu usiku akifuatilia habari nyingine, mwishoni mwa 1956.

Sheria hiyo ndiyo sababu hatuna picha za Robben Island ambazo wafungwa wenyewe walizipiga. Tunazo chache zilizopigwa kwa idhini, na Nelson Mandela alieleza baadaye jinsi moja ya siku hizo ilivyoandaliwa. Mwaka 1964 gazeti la Daily Telegraph la London liliruhusiwa kufika kisiwani. Wafungwa wa uani walizoea kuponda mawe kwa nyundo, kutwa nzima. Asubuhi ile nyundo ziliondolewa, wakapewa sindano na fulana kuukuu wazishone. Mpiga picha akapiga safu za watu wanaoshona kwa amani. Alipoondoka, sindano zikakusanywa, nyundo zikarudishwa. Miongoni mwa picha za siku ile imo ya Mandela akiongea na Walter Sisulu, nayo ndiyo picha ambayo dunia ilimjua kwayo kwa miaka mingi. Huyo ni mtu ambaye Januari 1962 alikuwa Dar es Salaam akizungumza na Mwalimu Nyerere, na ambaye wengi wa waliokuwa wakiimba jina lake barabarani katika miaka ya 1980 hawakujua sura yake imekuwaje.

Aprili 1977 waandishi waliletwa tena. Mandela alipigwa picha kwenye bustani, ameshika koleo, kofia na miwani ya jua, uso umekaza. Maelezo ya wakubwa wa gereza yalisema tu ni mfungwa anayefanya kazi bustanini. Wafungwa hawakukaa kimya. Mwezi uliofuata waliandika barua ya kulalamika kwa mkuu wa gereza kwamba walifanywa vitu vya maonyesho bila ridhaa yao. Picha ikipigwa kwa ruhusa ya mlinzi, anayepigwa anabaki na silaha moja: uso anaouonyesha. Mandela aliitumia siku ile.

Tofauti kati ya picha ya ruhusa na ya wizi inaonekana vizuri zaidi Ulaya ya miaka ya vita. Georges Angéli alikuwa kijana Mfaransa aliyekamatwa mwaka 1943 na kupelekwa Buchenwald, kambi ya Wanazi karibu na mji wa Weimar. Kwa kuwa alijua kazi ya picha, aliwekwa kwenye chumba cha picha cha kambi, alikosafisha filamu za maofisa wa SS, kikosi cha Wanazi. Jumapili moja ya Juni 1944 alichukua kamera ndogo, akaifunika kwa gazeti, akatoka nayo akitembea kama mtu anayenyoosha miguu. Jumapili mchana wafungwa walipata saa chache bila kazi. Angéli alipiga picha 11. Adhabu yake kama angekamatwa haikuwa na mjadala, ni kunyongwa.

Aliyezoea picha za Buchenwald zilizopigwa na Wamarekani baada ya ukombozi, zile za milundo ya maiti, hushangaa akiona za Angéli. Ni watu wenye nguo za milia wakitembea juani. Miti ina majani. Mwanga ni wa kiangazi. Pembe za picha zimepinda kwa sababu mpiga picha hakuweza kuinua kamera jichoni. Wapo waliozitazama wakadhani kambi haikuwa mbaya kiasi hicho, nami ninaona wamekosea mahali pa kutazama. Angéli hakuwa anakusanya ushahidi wa mauaji. Alikuwa anathibitisha kwamba mle ndani kulikuwa na watu, wenye Jumapili, wenye marafiki wa kukaa nao, wenye uchovu wa kawaida wa mwanadamu. Alizificha picha zake kambini hadi ukombozi wa tarehe 11 Aprili 1945.

Miezi minne baada ya Jumapili ile, kwenye kambi ya wanawake ya Ravensbrück, wafungwa wa kisiasa kutoka Poland walipata kamera ndogo kwa kubadilishana na chakula. Kati yao wapo waliopasuliwa miguu na madaktari wa SS katika majaribio ya miaka ya 1942 na 1943, wanawake 74 wa Poland kwa jumla. Joanna Szydłowska aliwapiga picha wenzake nyuma ya kibanda, wameinua sketi kidogo, makovu yakionekana, huku wengine wakilinda zamu. Filamu ile, bila kusafishwa, ilitunzwa na Mfaransa Germaine Tillion, mtaalamu wa jamii za watu aliyefungwa kwa kushiriki upinzani dhidi ya Wajerumani, akatoka nayo Aprili 1945 alipochukuliwa na Msalaba Mwekundu wa Uswidi. Hawa walitaka ushahidi hasa, na mkao wao unaonyesha hivyo. Hata hivyo, katika picha moja mguu umechanwa vibaya, na juu yake kuna uso uliotulia wa msichana ambaye amekubali kupigwa picha na rafiki yake. Maofisa walipowapiga picha wafungwa wa kambi kwa ajili ya faili, hawakupata uso wa namna hiyo hata mara moja.

Sasa tugeukie kwetu. Afrika Mashariki imekuwa na wafungwa wa kisiasa tangu ukoloni hadi leo, lakini kamera haikuingia nao. Iliyoingia ni karatasi. Na karatasi ilifanya kazi ileile ya kuiba siku ya kawaida, kwa ugumu wake.

Kenya ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952, Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa Kapenguria miaka saba na kupelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa ya Turkana, jua kali na mawe matupu. Tunajua Kenyatta, kwa umri wake, aliondolewa kwenye kazi ngumu akawa mpishi wa wenzake. Tunajua alimsaidia Waruhiu Itote, Jenerali China, kujifunza Kiingereza. Tunajua waligombana vibaya, kwa sababu watu wachache waliofungiwa pamoja jangwani kwa miaka watagombana. Haya yote tumeyapata kwa simulizi na kumbukumbu zilizoandikwa baadaye. Jambo moja lilitoka palepale: barua ya malalamiko iliyopenyezwa nje na kuchapishwa na gazeti la The Observer la London Juni 1958. Haikuwa na saini ya Kenyatta. Mwezi huohuo Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema wale waliofungwa bado ndio viongozi wa watu. Kijikaratasi kimoja kilichovuka Turkana kiliitikisa Nairobi.

Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Kikuyu, alikamatwa usiku wa kutangazwa kwa hali hiyo ya hatari, Oktoba 1952, na kuzungushwa kambi kwa kambi hadi mwisho wa muongo, ikiwamo kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Aliandika shajara kwa siri na kuificha miaka yote ile. Ilipochapishwa mwaka 1983 ikashinda Tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Nani alipika, nani alikataa kufanya kazi, nani alikubali kukiri, mlinzi yupi alileta habari: yamo humo kwa tarehe zake. Josiah Mwangi Kariuki, naye, alizungushwa kambi 14 na kupenyeza barua hadi kwa wabunge wa Uingereza. Kila barua iliyonaswa ilimgharimu viboko.

Mahali ambapo karatasi haikutosha ni Hola. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kambi hiyo, iliyo kando ya Mto Tana, waliuawa kwa kupigwa marungu kwa sababu walikataa kufanya kazi. Tamko la kwanza la serikali ya kikoloni lilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uongo huo ulisemwa kwa utulivu kamili kwa sababu waliousema waliamini hakuna jicho jingine lililokuwepo. Uchunguzi wa miili uliuvunja, lakini fikiria kama uani kwa Hola kungekuwa na paa la jirani na Bob Gosani mmoja. Juni 2013 Uingereza ilipokubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 walioteswa enzi za hali ya hatari, jumla ya pauni milioni 19.9, nyaraka zilizofichwa Hanslope Park zilisaidia sana, ila wazee wengi waliotoa ushahidi walitegemea makovu ya miili yao wenyewe, miaka zaidi ya 50 baada ya tukio.

Uhuru haukuifunga milango hiyo. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa kijana alipotoa waraka wa Kenya: Twendapi? mwaka 1968, akiikosoa serikali ya Kenyatta huyohuyo aliyekuwa mfungwa wa Lokitaung. Alikaa gereza la Kamiti hadi 1972, muda mwingi akiwa peke yake selo, na humo, kwa siri, kwenye karatasi za chooni, akatunga mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Kejeli ya jina la tuzo hiyo wasomaji wa Kiswahili wameizungumza sana. Mimi ninayemsoma Abdilatif hadi leo ninapenda kumfikiria zaidi kama mpiga picha: upweke, ukuta, mlinzi anayepita, habari za nyumbani zinazochelewa. Alipofunguliwa alihamia kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi ya Kiswahili hadi 1979.

Kwetu Tanzania Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilipitishwa 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka nchi hii kuwaamsha wanawake waingie TANU, alikamatwa mwaka 1969 na baadaye kuhukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, kisha akaachiwa 1972. Abdulrahman Babu, mwanasiasa wa Zanzibar, alishikwa mwaka huo wa 1972, baada ya kuuawa kwa Mzee Karume, akakaa ndani hadi 1978. Picha za Bibi Titi tunazozijua ni za majukwaani, kanga na sauti yake. Miaka yake ya kifungo haina sura katika kumbukumbu zetu za macho, na hiyo imerahisisha kuiruka tunaposimulia maisha yake.

Lakini yupo mpiga picha mmoja wa Afrika Mashariki aliyeijua selo kwa ndani. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na mwaka 1963 akafungua humo kampuni yake, Camerapix. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 aliyafuatilia kwa kamera. Baadaye alinasa picha za wataalamu wa kigeni wakifundisha askari visiwani, jambo ambalo serikali ilikuwa ikilikana, na picha hizo zikaonyeshwa nje. Mwaka 1966 alikamatwa Zanzibar na kutiwa gereza la Kiinua Miguu. Alikaa takriban wiki nne, alipigwa, alikondeshwa kwa njaa, kisha akafukuzwa nchini. Miaka 18 baadaye picha zake za njaa ya Ethiopia, Oktoba 1984, zilizunguka dunia nzima. Mtu huyo mwenye jicho la aina ile hakuacha hata picha moja ya gereza lililomshikilia. Aliyobaki nayo ni masimulizi, kama yule wa Lokitaung na yule wa Kamiti.

Simu ya mkononi imeugeuza mchezo. Mfungwa leo anaweza kuwa na kamera ndogo kuliko kiganja, nayo humfikia mle zinamopita sigara na pesa: kwa mlinzi mwenye njaa, kwa nyapara, ndani ya mkate. Mfano mzito zaidi niujuao ni wa Kongo. Stanis Bujakera Tshiamala, mwandishi wa Jeune Afrique na Reuters, alikamatwa uwanja wa ndege wa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023. Serikali ilimtuhumu kughushi waraka uliotumika katika habari iliyowahusisha maofisa wa ujasusi wa kijeshi na mauaji ya mwanasiasa wa upinzani Chérubin Okende. Yeye alikana. Alihukumiwa miezi sita, muda ambao alikwisha kuutumikia, akaachiwa Machi 2024. Miezi hiyo aliimalizia Makala, gereza kuu la Kinshasa, lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1957 kwa ajili ya watu 1,500. Wakati huo lilikuwa na wafungwa na mahabusu wanaokaribia 15,000, wengi wao hawajawahi kuhukumiwa.

Bujakera alirekodi kwa siri, na Julai 2024, akiwa huru, akatoa video zake. Hakuna anayepigwa ndani yake. Hakuna damu. Ni usiku, na sakafu ya saruji haionekani kwa sababu imefunikwa na watu. Wamelala kwa ubavu, kifua cha huyu kwenye mgongo wa yule, kama dagaa waliopangwa kwenye mkeka. Akigeuka mmoja, mstari mzima unageuka. Wengine wamelala bafuni na karibu na vyoo, wengine wamekaa wameegemea ukuta, wanasinzia wakingoja zamu ya kunyoosha miguu. Chakula cha serikali ni mlo mmoja kwa siku, mahindi na maharage, na asiye na ndugu wa kumletea nyongeza anadhoofika mpaka aanguke. Kamera inapita taratibu juu ya vichwa, na wanaopigwa hawaigeukii. Wamezoea. Ndiyo ileile hali ya Gosani na ya Angéli, kwamba jambo la kutisha limekwisha kuwa ratiba.

Mashirika ya haki za binadamu yalikuwa yameandika takwimu za Makala kwa miaka mingi, na wanasiasa walikuwa wakizijibu kwa ahadi. Video zilileta aina nyingine ya mazungumzo, kwa sababu mama wa Goma au Bukavu aliweza kumtafuta mwanawe katika ile safu ya watu waliolala. Kwa Bujakera mwenyewe kuzitoa halikuwa jambo dogo. Alikwisha kuonja gharama ya kazi yake, na alikuwa anawaonyesha waliomfunga kwamba muda wote ule aliendelea kufanya kazi.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 wafungwa wa Makala walijaribu kutoroka. Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza vifo 129, watu 24 kati yao kwa risasi, waliobaki kwa kukanyagana na kukosa hewa. Wanawake wengi wa sehemu yao ya gereza walibakwa katika vurugu hiyo. Miaka 65 kabla, Hola, serikali iliweza kusimama na kusema ni maji ndiyo yaliyoua. Safari hii waziri alipotamka neno kukosa hewa, watu wa Kinshasa, Lubumbashi na Nairobi hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Vyumba vyenyewe walikuwa wamekwisha kuviona Julai, na wakauliza palepale kwa nini hakuna kilichofanyika kati ya Julai na Septemba.